Eklezia ya Mitume katika Dyosezi Yetu ya Wamba

Katika Nasadiki twaungama kwamba Eklezia ni ya mitume. Maana yake ni hii: Yezu Kristu aliwatuma mitume, nao wakawawekea mikono waandamizi wao, ndio maaskofu, hata leo. Papa ni mwandamizi wa Petro. Askofu huchunga dyosezi. Padri humsaidia katika parokia.

Zamani Wamba ilikuwa vikariati ya kitume, na askofu wake aliichunga kwa jina la Papa. Tarehe 10 Novemba 1959 Papa Yohane XXIII aliifanya dyosezi, na Monsenyori Joseph Wittebols akawa Askofu wa Wamba kwa jina kamili. Tarehe 26 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, aliuawa pale pale Wamba. Tarehe 1 Desemba Sista Anuarite wa Jamaa Takatifu aliuawa Isiro.

Kiti kilibaki kitupu, lakini uandamizi haukukatika: mwaka 1968 Monsenyori Gustave Olombe, mwana wa Kongo, aliteuliwa kuwa askofu.

Ndiyo sababu hapa Niania, katika kila Misa, twamtaja askofu pamoja na Papa. Si kwa heshima ya cheo tu. Twakiri kwamba imani tuliyopokea yatoka kwa mitume, na kwamba damu iliyomwagika haikuizima.