Kilichowavuta Watu Ujiji, Kigoma na Bujumbura

Wanafunzi wanapopewa insha ya kuusifu mji, aghalabu huanza na maghorofa, taa na barabara za lami, kisha humalizia na hali ya hewa. Hayo ndiyo ayaonayo mgeni aliyeshuka garini asubuhi na ambaye ataondoka jioni. Mkaazi ana hesabu nyingine: maji ya kunywa yako umbali gani, soko lina nini, na je, akifiwa, ni nani atakayekuja kukaa naye matangani? Katika makala haya twataka kuzipima hesabu hizi mbili kwa kuitazama historia ya miji mitatu ya Ziwa Tanganyika, yaani Ujiji, Kigoma na Bujumbura. Wakaazi wa miji hii huvua katika maji yale yale na kula samaki yule yule, ingawa Kigoma humwita mgebuka na Bujumbura humwita mukeke. Hata hivyo, kila mji uliwavuta watu kwa njia yake, na kila mmoja umepata kuachwa na waliokuwa wakiutamani.

Tuanze na Ujiji, ambao ni mkongwe kuliko wenziwe. Walimu wenzetu watakubali kwamba wanafunzi wengi hudhani jina hili latokana na neno "jiji", kwa kuwa mji huo ulikuwa mkubwa. Sivyo. Ujiji ni nchi ya Wajiji, kama Uha ilivyo nchi ya Waha na Uvinza nchi ya Wavinza. Hata Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, lilichukua umbo hilo hilo vinywani mwa watu wa misafara. Twalitaja jambo hili mapema kwa sababu laonyesha kwamba miji hii ilijulikana kwanza kwa wenyeji wake, wala si kwa majengo yake.

Wageni wa kutoka Ulaya walioandika habari za Ujiji hawakuafikiana. Richard Burton na John Hanning Speke walifika huko mwezi wa Februari 1858, baada ya safari ya miezi mingi kutoka pwani. Burton alipolitazama ziwa mara ya kwanza aliona ukanda mwembamba tu wa maji, akavunjika moyo. Aliposogea mbele kidogo na kuliona lote, akalisifu mno. Speke, maskini, alikuwa mgonjwa wa macho, na katika saa ile aliyoitafuta kwa taabu zote hizo hakuona ila ukungu na mng'aro wa jua. David Livingstone naye alifika mwaka 1869 akitumaini kukuta dawa na mizigo yake, akakuta sehemu kubwa imeibwa. Aliporudi mwaka 1871 mambo yalikuwa yale yale, mpaka Henry Morton Stanley alipomfikia mwezi wa Novemba na shehena zake. Basi mji ni mmoja: mmoja kaona uzuri, wa pili kaona ukungu, wa tatu kaona wezi. Tukiwategemea wageni peke yao, hatutajua kamwe kwa nini maelfu ya watu wasioandika vitabu walipachagua mahali pale wakajenga.

Kwa hakika Ujiji haukuwa na bandari nzuri. Ufuko wake u wazi, na upepo wa kusini ukivuma, mitumbwi haina pa kujificha. Kilichokuwako ni soko. Chumvi ya Uvinza ilikuja kwa miguu. Mawese, dagaa na nafaka vilikuja kutoka vijiji vya kando ya ziwa. Nguo na shanga zilikuja kutoka pwani. Pembe za ndovu zilivuka kutoka Manyema. Palikuwa na shanga maalumu zilizotumika sokoni kama fedha, na mwenye mzigo wa nguo ilimbidi kwanza kubadilisha nguo kwa shanga ndipo apate kununua samaki wa jioni. Twaona kwamba mji wenye fedha yake ni mji ambao watu wamekwisha kukubaliana kuishi pamoja.

Hapana budi tuseme pia kwamba bidhaa mojawapo ya soko hilo ilikuwa binadamu. Wamanyema wengi walivushwa ziwa wakiwa mateka, na Ujiji ulikuwa kituo chao cha kwanza katika njia ndefu ya kwenda Tabora na pwani. Mtu awaye yote anayeusifu Ujiji wa karne ya 19 bila kulitaja jambo hili anaandika habari za mji mwingine.

Lakini hapo hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sisi walimu wa Kiswahili twapaswa kulitazama kwa makini. Wengi wa Wamanyema hao, na wengine waliokuja kwa hiari yao kama wapagazi, wavuvi na mafundi, hawakubaki kuwa wageni. Walijifunza lugha ya misafara, wakavaa kanzu, wengi wakasilimu, na wakajiita waungwana. Neno "mwungwana" kwa maana yake ya asili ni mtu huru asiye mtumwa. Kwa watu hawa lilikuwa ni dai. Aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka kwao alidai kwa mavazi, kwa dini na kwa usemi wake kwamba sasa yeye ni mtu kamili mbele ya watu. Neno hilo likavuka ziwa kurudi magharibi, na ndiyo asili ya jina Kingwana, ambalo Kiswahili cha Kongo kiliitwa kwa muda mrefu. Wenye sarufi za pwani walilitaja jina hilo kwa dharau kidogo, kana kwamba ni lugha iliyovunjika. Laiti wangalikumbuka maana yake! Basi kilichowavuta watu Ujiji, na kuwafanya wabaki hata baada ya biashara ya utumwa kukomeshwa, ni kwamba palikuwa mahali ambapo mgeni aliweza kuwa mwenyeji katika maisha yake mwenyewe, bila kungoja wajukuu zake.

Ziwa lenyewe ndilo lililoanza kuuacha Ujiji. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa yakipanda, kwa sababu mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mnamo mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufuko ukasogea mbali na nyumba. Mahali ambapo leo pana ukumbusho wa Livingstone na Stanley si ukingoni mwa maji tena.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na ziwani mwaka 1914. Haikuishia Ujiji bali Kigoma, kilomita zipatazo 8 kaskazini yake, kwenye ghuba yenye kina na iliyokingwa na vilima. Kwa mhandisi uamuzi huo ulikuwa sahihi. Huko ndiko ilikounganishwa meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Juu ya Kigoma hatuna mengi zaidi ya kusema, nasi twaona ya kuwa upungufu huu wenyewe una maana. Kigoma ilipata bandari, stesheni, ofisi na meli, yaani vyote anavyovihitaji msafiri. Lakini kwa muda mrefu mfanyakazi wa bandarini aliyemaliza kazi jioni aliweza kurudi Ujiji, kwa kuwa huko ndiko ulikokuwa msikiti wa babu yake, ngoma za harusi na mdai wake. Serikali hatimaye iliiunganisha miji hiyo katika manispaa moja ya Kigoma-Ujiji. Kistari kile kati ya majina mawili ni alama ndogo, lakini kimekusanya hesabu zote mbili tulizozitaja mwanzoni, ya msafiri na ya mkaazi.

Sasa twende kaskazini. Katika karne ya 19 waungwana wa Ujiji walijaribu kuingia Burundi, na Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alituma majeshi yake. Mwami Mwezi Gisabo akawazuia. Kwa sababu hiyo Kiswahili hakikupanda milimani; kilibaki ufukoni, Rumonge, Nyanza-Lac na penginepo palipokuwa na soko na mitumbwi. Wajerumani walipoweka kambi yao ya kijeshi Usumbura mwaka 1897, askari wao, wapagazi wao na wachuuzi waliowafuata walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Mji ulizaliwa na lugha hiyo kinywani, katika nchi ambayo milima yake yote ilisema Kirundi.

Wabelgiji waliuteka mji huo mwaka 1916 na kuufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Nao wakaugawa kwa rangi, kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, na Waafrika katika mitaa yao, wa kwanza ikiwa Buyenzi na ule ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waswahili, na nyumba zake zilipangwa kwa njia zilizonyoka ambazo mpaka leo hujulikana kwa namba. Mitaa hiyo ilihesabiwa kuwa nje ya utawala wa machifu. Kwa Mbelgiji hiyo ilikuwa njia ya kuwatenga watu aliowashuku, hasa Waislamu. Bali kwa kijana aliyeteremka kutoka milimani, au aliyevuka mto Rusizi kutoka Uvira, ilikuwa na maana nyingine kabisa. Hapakuwa na chifu wa kumwuliza baba yake ni nani. Alijifunza Kiswahili, akapanga chumba, akapata jirani. Kile kile kilichowavuta watu Ujiji kilijengwa upya Buyenzi, tena pengine na wajukuu wa watu wale wale.

Wapo wasemao kwamba mtaa wa namna hii huwa salama daima kwa kuwa umechanganya watu. Historia haikubali usemi huo mwepesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, huku Wahutu, huku Watutsi. Buyenzi na Bwiza ilidumu katika mchanganyiko wake kuliko mingine, lakini mwezi wa Machi 1995 damu ilimwagika huko pia, na watu wengi wakakimbia. Hatutaki mwanafunzi afundishwe kuwa lugha moja ni ngao. Twasema tu kwamba ilichelewesha, na waliookolewa kwa kucheleweshwa huko si wa kudharauliwa.

La kusikitisha ni kwamba katika Kirundi, na katika Kinyarwanda vile vile, neno "umuswahili" limechukua maana ya mtu mjanja, mwenye maneno mengi, asiyeaminika. Na wapo walimu, tangu Kiswahili kilipoingizwa katika shule za msingi wakati Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ambao humcheka mtoto wa Buyenzi asemapo kama nyanya yake, wakimtaka aseme kama kitabu. Sarufi sanifu ni ya lazima, na sisi twaifundisha. Lakini mtoto huyo amekuja darasani na lugha iliyompa ukoo wake mahali pa kuishi, na mwalimu anayemcheka hajui anacheka nini.

Miaka ya karibuni imeuvua mji wa Bujumbura mapambo yake moja baada ya jingine. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu liliteketea kwa moto, na wachuuzi wengi wakapoteza mali zao zote. Mwaka 2019 makao makuu ya kisiasa yalihamishiwa Gitega, katikati ya nchi, na Bujumbura ukabaki mji wa biashara. Kuanzia mwaka 2020 ziwa likapanda tena, kama lilivyofanya kabla ya 1878, na mwaka 2024 maji yalikuwa yamefika ndani ya nyumba na mahoteli yaliyojengwa ufukoni kwa gharama kubwa kwa ajili ya kulitazama ziwa hilo hilo. Buyenzi nao wapakana na mto Ntahangwa, ambao kila masika humega kingo zake.

Soko kuu lilipoungua, wachuuzi walitawanyika katika masoko ya mitaani. Wengi wao walikwenda Ruvumera, huko huko Buyenzi, wakatandika bidhaa zao mahali penye nafasi finyu, karibu na mafundi wa magari. Mvuvi wa Uvira aletaye dagaa huko haulizwi kama ajua Kirundi. Huulizwa bei.