Kumpima Mlinzi Kijana

Mfungaji wa mabao hupimwa kwa hesabu. Mlinzi hupimwa kwa maovu yasiyotokea, na hayo hayaonekani upesi. Ndiyo sababu katika hoki ya barafuni walinzi vijana huhukumiwa vibaya mara nyingi. Mwaka 1989, timu za Marekani na Kanada zilipogawana vijana, wachezaji 52 walichaguliwa kabla ya Nicklas Lidström, Mswidi mwembamba. Timu ya Detroit ilimchukua, ikamwacha akomae kwao miaka miwili, kisha mwaka 1991 ikamwingiza kikosini. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa amepata tuzo ya mlinzi bora mara saba, wala si kwa kupiga watu kumbo, bali kwa kutangulia pale hatari ilipoelekea. Basi kimo na kishindo havitoshi kuwa mizani ya mlinzi.