Maneno Madogo na Njia ya Mkimbizi

Ugenini mtu hutambulikana kwa maneno madogo. Aliyejifunza lugha kitabuni aweza kulijua neno la baraza na la mahakama, kisha akapotewa na neno la jikoni. Mgeni wa Kiswahili, akishaambiwa kwamba kupiga ni kugonga kwa mkono au kwa fimbo, huwasikia watu wakipiga pasi, wakipiga magoti na kupiga mbizi, na hapana aliyeumizwa. Akishajua kula ni nini, hushangaa kusikia mashahidi wakila kiapo na waovu wakila njama.

Kiingereza nacho kina bahari yake ya namna hiyo, tena yenye kina kirefu. Anayelijua neno "give", yaani kutoa au kupa, bado hajajua kwamba "give up" ni kukata tamaa, "give in" ni kusalimu amri, na "give out" ni kugawa, au pengine kuishiwa nguvu. Kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni kijineno kinachokifuata. Na historia ya jinsi wageni walivyofundishwa maneno hayo imefungamana na historia ya watu waliokimbia makwao.

Mmoja wao alikuwa Jacques Bellot, Mfaransa mtu wa Caen. Katika mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo yaliyoanza Agosti 1572, maelfu ya Waprotestanti wa Ufaransa, wale walioitwa Wahugenoti, waliuawa Paris na katika miji mingine. Wengi wa walionusurika walivuka mkono wa bahari wakaingia Uingereza, na Bellot akawa miongoni mwa walimu wao. Mwaka 1586 alitoa kitabu cha mazungumzo ya kila siku, kilichopigwa chapa London na Thomas Vautrollier, naye pia Mhugenoti. Matini yake yalipangwa katika safu tatu: ya kwanza Kiingereza, ya pili Kifaransa, na ya tatu Kiingereza kile kile kikiandikwa kwa tahajia ya kumfaa msomaji wa Kifaransa, ili ulimi wake usikwame.

Mazungumzo hayo yalifuata mwendo wa siku. Mtoto anaamshwa, anavaa nguo, anakwenda shule. Watu wanakwenda sokoni, kwa muuza kuku, kwa muuza samaki na kwa muuza nyama, na bei zinajadiliwa. Kisha wanaketi mezani kula na kuongea. Katika dibaji yake Bellot alieleza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuuonja uchungu wa mkimbizi asiyeielewa lugha ya nchi alikokimbilia.

Uchungu huo haukuwa wa aibu tu. Siku ya Mosi Mei 1517, kabla ya wakati wa Bellot, vijana wa London walizivamia nyumba na maduka ya wageni. Na miaka saba baada ya kitabu chake, tarehe 5 Mei 1593, utungo wa vitisho ulibandikwa kwenye ukuta wa kanisa la Waholanzi mjini humo, ukiwaonya wageni kwamba wangeuawa hata wakiwa katika sala. Ushairi umesifiwa mara nyingi kwa kuunganisha nyoyo. Usiku ule beti zilitumwa kazi nyingine. Katika mji wa namna hiyo, kujua kuuliza bei na kujibu salamu kama wasemavyo wenyeji ilikuwa sehemu ya usalama wa mtu.

Wanazuoni walichelewa kuliona hilo. Kwa muda mrefu sarufi za Kiingereza ziliandikwa kwa kipimo cha Kilatini, nacho Kilatini huvipachika vijineno vyake mbele ya kitenzi, wala hakiviachi vikielea nyuma. Ilipofika mwaka 1755, Samuel Johnson alitoa kamusi yake yenye maneno zaidi ya 40,000, na kitenzi "take" peke yake akakipa maana 134. Katika dibaji aliandika kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vijineno ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa, na kwamba baadhi ya maana zao zimekwenda mbali mno na asili hata hapana akili iwezayo kuzifuata nyayo.

Mswahili asione ajabu. Lugha yake husema mtu amepotelea mbali, au shauri limetupiliwa mbali, na neno "mbali" hapo halipimi masafa, hulikamilisha tendo. Neno "up" la Kiingereza, ambalo asili yake ni juu, hufanya kazi inayofanana na hiyo. "Eat up" si kula kuelekea juu. Ni kula hadi sahani ibaki tupu.

Jina "phrasal verb", yaani kitenzi kilicho kirai, lilienea baada ya mwaka 1925, pale Logan Pearsall Smith, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alipochapisha kitabu chake kiitwacho Words and Idioms. Mwenyewe alisema kwamba jina hilo alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Smith alizikusanya nahau na kuzipanga kwa asili zao, akaonyesha ni nyingi kiasi gani zilizotoka katika kazi za watu wa kawaida: mabaharia, wawindaji, wakulima, wapishi.

Mtu wa pwani ataitambua mara moja nahau "by and large". Kwa mabaharia, neno la kwanza lilihusu chombo kwenda joshi, kikiukabili upepo kwa ubavu mwembamba. Neno la pili lilihusu chombo kilichojaaliwa upepo wa kutoka nyuma. Jahazi lililofaa katika hali zote mbili lilikuwa jema kwa ujumla, na "kwa ujumla" ndiyo maana iliyobaki leo, matanga yakiwa yamesahauliwa. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo katika "kwenda mrama". Aliyekuwa akiyumba ni chombo. Sasa yanayoyumba ni mambo.

Palikuwa na waliotaka kuikata njia. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake cha msingi, chenye maneno 850 tu, na ndani yake vitenzi 18. Mgeni hakuhitaji tena kujifunza "enter", kuingia. Angesema "go in". Hakuhitaji "abandon", kuacha. Angesema "give up". Mradi huo ulipata sifa kubwa, hata Winston Churchill akauunga mkono katika hotuba yake ya Harvard mwezi Septemba 1943. Lakini hesabu ya maneno ilificha jambo. Maneno yalipungua, maana hazikupungua. Zilihamia katika vijineno vile vile vilivyomshughulisha Johnson. Mwanafunzi alipewa mzigo mdogo kwa macho, mzito kwa mabega.

Wengine waliifuata njia ya Bellot. Harold Palmer, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877, alikuwa akifundisha lugha Verviers, Ubelgiji, hadi majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi hiyo mwaka 1914, naye akalazimika kukimbia. Mwaka 1922 alikwenda Japani, na mwaka uliofuata akaanzisha Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer alishikilia kwamba sikio na kinywa vitangulie jicho, na kwamba maneno yanayozoea kuandamana yafundishwe yakiwa pamoja.

A. S. Hornby, aliyefika Japani mwaka 1924, akajiunga na kazi hiyo. Pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield alitunga kamusi ya nahau na miundo ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wageni. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, Japani na Uingereza zikiwa vitani. Mwaka 1948 Oxford ikaitoa upya, na matoleo yake yanaendelea hadi leo yakilibeba jina la Hornby.

Kutoka kitabu cha Bellot hadi kamusi hiyo ni miaka 356. Johnson alisema kweli: hapana kanuni itakayomweleza mgeni kwa nini "give" na "up" vikikutana huzaa kukata tamaa. Bellot naye alisema kweli: mgeni anayemsikia mchuuzi akiyatamka maneno hayo mawili, baada ya kubishana bei tangu asubuhi, haihitaji kanuni hiyo.