Filbert Bayi, Mkimbiaji wa Karatu

Fungueni madaftari, na mwenye saa yenye mshale wa sekunde aiweke mezani. Leo tutaihitaji.

Karatu mnaifahamu. Ni mji ulio kwenye barabara itokayo Arusha kwenda Ngorongoro, katika nchi ya Wairaqw, wakulima wa mahindi, ngano na maharage. Uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ukipanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro utapita mita 2,200. Huko juu hewa ni nyepesi. Aliyekulia huko, akipanda na kushuka vilima tangu utoto, mwili wake huizoea. Hiyo ni bahati ya mahali, lakini wameipata watu maelfu na maelfu, nasi leo tunamtaja mmoja tu: Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953.

Mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 19, Bayi alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye Michezo ya Olimpiki. Alikimbia mita 1,500, akakimbia pia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kote kuwili alitolewa mapema. Wengine wangesema, basi, nimeiona dunia, yatosha. Yeye alirudi mazoezini. Januari 1973, katika Michezo ya Afrika huko Lagos, akamshinda Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968.

Sasa sikilizeni. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, ilikuwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya wakimbiaji wa mbio hizo ni kuviziana: unakaa nyuma ya mwenzako, yeye akukingie upepo, kisha unampita karibu na mwisho. Bayi hakutaka hayo. Alishika mbele tangu mwanzo na hakuiacha nafasi hiyo. John Walker, mwenyeji, alimkaribia sana mwishoni, asimpate. Saa ikaonyesha dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Ile ya zamani, 3:33.1, iliwekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967.

Tazameni saa yenu. Mbio hizo ni sawa na kukimbia mita 100 kwa sekunde 14 na kidogo, mara 15 mfululizo, bila kupumzika. Na anayeongoza hupigwa na upepo peke yake, wala hajui nyuma yake kuna nini. Kipaji kinaweza kumtoa mtu mbele mwanzoni. Kumweka pale mpaka mwisho ni kazi ya mazoezi ya siku nyingi ambazo hakuna aliyempigia makofi.

Tarehe 17 Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, alivunja pia rekodi ya dunia ya maili moja: 3:51.0.

Mwaka 1976 dunia ilingoja kumwona Bayi na Walker katika Olimpiki ya Montreal. Haikuwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, na Tanzania pamoja na nchi nyingi za Afrika zikaisusia michezo hiyo. Walker akapata dhahabu. Sababu ya kususia ilikuwa kubwa kuliko medali ya mtu mmoja, nami naiunga mkono. Lakini tusisahau kwamba gharama yake Bayi aliilipa kwa miaka yake bora.

Hakuacha. Huko Moscow, mwaka 1980, alirudi kwenye viunzi na maji, akaongoza kama kawaida yake, mpaka mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alipompita. Bayi akapata medali ya fedha, na Suleiman Nyambui akapata nyingine kama hiyo katika mita 5,000. Ndizo medali za kwanza za Olimpiki za Tanzania.

Muda wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022, alipoupita Oliver Hoare wa Australia huko Birmingham. Andikeni daftarini: kutoka 1974 hadi 2022 ni miaka mingapi?