Waruinge ulingoni Japani

Olimpiki ya Mexico 1968 ilimwachia Philip Waruinge kioja. Bondia huyu wa Kenya alishindwa nusu fainali na mwenyeji Antonio Roldán, akapewa shaba. Kisha kwenye Olimpiki hiyo hiyo akakabidhiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote. Ajabu hiyo!

Miaka miwili baadaye, Edinburgh, alitetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola ya uzito wa unyoya.  Kwenye Olimpiki ya Munich 1972, akapata fedha.

Mwaka 1973 akahamia Japani kupigania riziki, akitangazwa kwa jina la Waruinge Nakayama. Huko hakupigania tena bendera wala wimbo wa taifa.

Aprili 1976 alisafiri hadi Panama kugombea mkanda mpya wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) dhidi ya mwenyeji Rigoberto Riasco, akapoteza. Kati ya mapambano yake 25 ya kulipwa alishinda 14 tu. Kwa fundi wa Mexico, hesabu hiyo inauma.