Ng'ombe wa Maskini na Maziwa ya Pwani

Ibn Battuta alipofika Maqdishu mwaka 1331, hakusahau kuandika alicholishwa. Alitaja wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na ndimu za achari. Kwa hiyo asemaye kwamba watu wa mwambao ni watu wa samaki na nazi tu, asema nusu ya kweli. Maziwa yamekuwamo katika sinia za waungwana wa pwani kwa karne nyingi. Kilichobadilika ni mikono iyaletayo, na hesabu iliyomo ndani ya kibuyu.

Hesabu hiyo wahenga waliipiga kabla ya wataalamu: ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii hutajwa kwa mzaha, lakini mna ndani yake elimu nzima ya biashara ya maziwa. Ng'ombe asiyezaa hana cha kukamuliwa. Azaaye dume huongeza mdomo wa kulishwa, wala haongezi chuchu. Mwenye ng'ombe 100 huweza kustahimili madume 50. Mwenye ng'ombe 1 huweza kuangushwa na dume 1. Basi swali liulizwalo leo Tanga, Unguja na Kilifi, kwamba je, mfugaji mdogo ataendelea kupata faida, si swali geni. Ni methali ile ile iliyovaa nguo mpya.

Kisa chenyewe chaanza na kupe. Katika miaka ya 1901 na 1902, baada ya sotoka na vita kuteketeza mifugo ya kusini mwa Afrika, ng'ombe walipakiwa melini kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakateremshwa Beira na kupelekwa Rhodesia Kusini. Wageni hao walionekana wazima. Wenyeji waliowakuta huko wakafa kwa maelfu. Robert Koch, ambaye mwaka 1897 alikwisha kuviona vijidudu hivyo Dar es Salaam na kuvidhania vya maradhi mengine, ndiye aliyeuita ugonjwa huo homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wetu huuita ndigana kali. Jina la pwani likazunguka dunia, si kwa karafuu wala kwa mashairi, bali kwa kupe.

Siri ya wale ng'ombe wazima ilikuwa utoto wao. Ndama wa kienyeji huumwa na kupe angali mdogo. Afaye hufa, na anayenusurika hukua na kinga yake. Lakini ng'ombe huyo mvumilivu hutoa lita 1 au 2 kwa siku. Chotara aliyechanganywa na damu ya Ulaya huweza kutoa lita 8 au 10 akitunzwa vyema, ila kinga hana, na joto la pwani humchosha. Tangu hapo mfugaji mdogo amekaa baina ya wawili hao: mmoja haumwi wala hatajirishi, na mwingine hutajirisha mpaka siku aumwayo.

Tanga ndiko chaguo hilo lilikofanywa kwa mpango. Mji huo uliishi kwa mkonge tangu miche ya kwanza ilipoletwa mwaka 1893. Bei ya mkonge ilipoporomoka katika miaka ya 1960, kamba za viwandani zikatwaa soko, na nyumba nyingi zikakosa pa kushika. Mwaka 1985 ulianza mpango wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi. Mfugaji alifundishwa kwanza kujenga banda na kupanda majani, kisha akakopeshwa mtamba mwenye mimba. Deni halikulipwa kwa fedha bali kwa ndama jike, ambaye alikwenda kwa mfugaji mwingine. Hapo methali ilirudi mlangoni: aliyejaaliwa jike alilipa mapema, na aliyepata dume alingoja uzao mwingine, deni likiwa pale pale.

Hata hivyo mpango ulishika. Mwaka 1993 vyama vidogo vya wafugaji viliungana katika chama kikuu cha ushirika cha TDCU, na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh, ambamo wafugaji wenyewe walikuwa na hisa pamoja na washirika wa Kiholanzi. Ikawa mwenye ng'ombe 2 nyuma ya nyumba anapeleka dumu lake asubuhi katika kituo chenye tangi la kupozea, naye ana haki ya kuuliza bei imepangwaje.

Upande wa pili wa mkondo, Unguja ilikuwa na adui mwingine: mbung'o, aletaye nagana. Tanga ndiyo iliyosaidia. Kuanzia mwaka 1994, mbung'o madume waliofugwa katika taasisi ya utafiti ya Tanga walihasiwa kwa mionzi, wakamwagwa na ndege juu ya misitu ya Unguja, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Majike wakapandwa wasizae. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Madume tasa, ambao kwa mfugaji ni hasara, mara hiyo walikuwa ukombozi.

Lakini ugonjwa ukiondoka, soko hubaki. Kenya yatoa funzo lake. KCC iliundwa mwaka 1925 na walowezi, na baada ya uhuru ikawa mnunuzi mkuu wa maziwa ya wakulima wadogo pia. Mwaka 1992 bei ziliachwa huru. Kabla ya muongo kwisha shirika lilikuwa limeanguka, na wakulima wengi hawakulipwa maziwa waliyokwisha kuyapeleka. Serikali ililifufua kama New KCC mwaka 2003. La kuzingatiwa ni kwamba kiwanda kikubwa kilipoanguka, zizi dogo halikuanguka. Maziwa yalipanda baiskeli, yakafika milangoni kwa majirani.

Funzo jingine limetoka India. Wakulima wa Anand waliungana mwaka 1946. Mpango mkuu wa taifa ulipoanza mwaka 1970 chini ya uongozi wa Verghese Kurien, maziwa ya unga ya msaada kutoka Ulaya hayakuachwa yamzamishe mkulima; yaliuzwa kupitia ushirika, na fedha zake zikajenga viwanda vya wakulima hao hao. Pwani yetu unga huo huo huja kama bidhaa. Ulaya ilipoondoa ukomo wa uzalishaji mwaka 2015, bei duniani ilishuka, na mfugaji wa Muheza akajikuta anashindana na ng'ombe ambaye hatamwona kamwe. Hoteli nyingi za Unguja hutia katika chai ya mgeni maziwa yaliyovuka bahari, ilhali zizi liko nyuma ya ukuta.

Yabaki majani. Ng'ombe wa kilo 400 hutaka kilo 40 hivi za majani mabichi kila siku, awe ana maziwa au hana. Zamani yalikatwa kando ya njia. Sasa mji umekula kando za njia, na mzigo wa baiskeli hutoka mbali zaidi kila mwaka. Pumba na mashudu hupanda bei kabla ya maziwa. Na ng'ombe akikawia kushika mimba, akazaa kila baada ya miezi 16 badala ya 12 au 13, ile miezi ya ziada huliwa bure.

Basi jawabu ni lipi? Historia haisemi kwamba udogo ndio hasara. Yasema kwamba upweke ndio hasara. Mwenye ng'ombe 2, aliye karibu na majani, na tangi la kupozea, na mganga wa mifugo, na jirani wa kusimama naye mbele ya mnunuzi, amepata faida Tanga na Anand, na ataendelea kuipata. Aliyekosa viwili katika hivyo, haokolewi na bidii. Kwa hiyo wengine wataacha, na si kwa uvivu.

Siku hizi ziko mbegu za uhimilishaji zilizochambuliwa, mfugaji akitaka jike hupata jike, takriban mara 9 katika 10. Elimu imeijibu methali nusu yake. Nusu ya pili yangali yangoja, kwani bei ya mbegu hiyo ni kubwa kuliko ya kawaida, na anayeihitaji zaidi ni yule yule maskini mwenye ng'ombe mmoja.