Simu janja iliyokarabatiwa

Simu janja iliyokarabatiwa ni simu iliyowahi kutumika, au iliyorudishwa dukani na mnunuzi wa kwanza, ambayo imekaguliwa, ikatengenezwa palipohitajika, ikafutwa data za mwenye awali na kuuzwa tena. Watu wengi huinunua ili kupata simu ya daraja la juu kwa bei nafuu kuliko mpya. Ni tofauti na simu ya mtumba ya kawaida, ambayo huuzwa jinsi ilivyo bila kukaguliwa.

Aina

Simu hizi hukarabatiwa na kiwanda chenyewe, na kampuni za ukarabati, au na mafundi wa mitaani. Zile za Apple huwekewa betri mpya na ganda jipya la nje, na huuzwa kwa dhamana ya mwaka 1. Back Market, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2014, ni soko la mtandaoni linalounganisha wanunuzi na wakarabati mbalimbali.

Wauzaji wengi hupanga simu kwa madaraja kama A, B na C. Mara nyingi madaraja hayo hueleza mikwaruzo na sura ya nje tu, si afya ya betri. Pia hakuna kipimo kimoja kinachotumiwa na wauzaji wote, hivyo daraja A la duka moja linaweza kuwa B la duka lingine.

Betri na vipuri

Betri za lithiamu hupungua uwezo kadiri zinavyochajiwa. Kwa mujibu wa Apple, betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji; kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Afya ya betri huonekana katika mipangilio ya simu hizo. Ikiwa chini ya asilimia 80, mnunuzi aongeze gharama ya betri mpya juu ya bei anayotajiwa.

Kioo, kamera na betri visivyo halisi ni tatizo la kawaida. Aina nyingi za iPhone za miaka ya karibuni huonyesha katika mipangilio kama kipuri kilichobadilishwa kinatambuliwa na kiwanda. Simu iliyofunguliwa na fundi inaweza pia kupoteza uwezo wake wa kuzuia maji.

Muda wa masasisho

Simu isiyopata tena masasisho ya usalama huwa rahisi kudukuliwa, jambo zito kwa anayetumia simu kutuma pesa na kuingia benki. Baada ya muda, programu nazo huacha kufanya kazi. Kwa mfano, mwaka 2025 WhatsApp iliacha kutumika kwenye iPhone zenye toleo la iOS la chini ya 15.1, zikiwemo iPhone 5s na iPhone 6.

Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, si tangu siku ya kuinunua. Anayenunua Pixel 8 miaka 3 baada ya kutoka kwake amebakiwa na miaka 4.

Kulinganisha gharama

Njia rahisi ni kugawanya bei kwa miaka ya matumizi iliyobaki. Tuseme simu mpya ya bei ya kati inauzwa shilingi 600,000 na itapata masasisho kwa miaka 4: ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Simu iliyokarabatiwa ya shilingi 450,000 iliyobakiza miaka 2 ni shilingi 225,000 kwa mwaka, hivyo ni ghali zaidi ingawa bei yake ni ndogo. Ingekuwa imebakiza miaka 4, ingekuwa nafuu. Kama simu ya zamani bado inapata masasisho na kasoro yake ni betri tu, kubadilisha betri hiyo kunaweza kutosha.

Uhalali na ukaguzi

Kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Inapaswa kufanana na iliyoandikwa kwenye boksi na risiti. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Nchini Tanzania mnunuzi anaweza kuhakiki simu kwa kutuma IMEI kwenda namba 15090.

Kabla ya kulipa, mnunuzi hushauriwa:

- kuhakikisha akaunti ya Google au Apple ya mwenye awali imeondolewa, kwani bila hivyo simu inaweza kujifunga ikifutwa, na huenda ni ya wizi;
- kuweka laini yake na kupiga simu, kwa sababu baadhi ya simu za nje zimefungwa kwa mtandao mmoja;
- kuangalia sehemu ya laini: iPhone 14 na za baadaye zilizouzwa Marekani hazina nafasi ya kadi, hutumia eSIM pekee;
- kujaribu kamera, spika, chaja na alama ya kidole au utambuzi wa uso;
- kudai risiti yenye IMEI na dhamana ya maandishi.

Mazingira

Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kurefusha maisha ya simu hupunguza taka hizo pamoja na uchimbaji wa madini kama kobalti, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Faida hiyo hupungua iwapo simu iliyonunuliwa itatupwa baada ya muda mfupi.